Kutibu Mtoto na Kuagiza Mtoto Siyo Kitu Kimoja

Wale mapacha wa China hawakuwa wagonjwa. Naanza na hili kwa sababu kwenye mijadala yetu ya kanisani kuhusu jeni linarukwa kila siku, watu wanakimbilia moja kwa moja kwenye "wanasayansi wanamchezea Mungu", wanabishana hapo mpaka wanachoka, na hakuna anayeuliza wale watoto walikuwa wanaumwa nini. Hawakuwa wanaumwa kitu. Mwishoni mwa Novemba 2018 mwanasayansi anaitwa He Jiankui, wa chuo kikuu kimoja pale Shenzhen, alitangaza kwamba wamezaliwa mapacha wa kike, akawapa majina ya kuwaficha, Lulu na Nana, na kwamba wakiwa bado viinitete maabara, yaani mimba changa ya siku chache, alikuwa amewakata jeni inayoitwa CCR5 kwa kutumia CRISPR, ule mkasi wa jeni ambao mwaka 2020 uliwapa Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier Nobel ya kemia. CCR5 ndo njia ambayo aina nyingi za virusi vya ukimwi hupitia kuingia kwenye seli. Baba wa mapacha alikuwa na VVU, mama hakuwa navyo.

Ukisikia haraka haraka unaona huruma, baba anaumwa hataki mtoto apate, nani asiyeelewa hilo. Na sisi wa huku tunaelewa zaidi, tumezika sana miaka ya 90, kuna nyumba zilibaki na bibi na wajukuu tu, kwa hiyo mtu angekuja kipindi kile akasema ipo namna ya kuzaa mtoto asiyeshika ukimwi kabisa, foleni ingefika barabarani na mi nisingemhukumu hata mmoja aliyepanga. Ila angalia kilichofanyika. Kliniki za uzazi zilikuwa zimeshajua kuosha mbegu za baba mwenye VVU mama akapata mimba salama, na He Jiankui mwenyewe mbegu aliziosha, yaani hatari aliyodai anaiondoa ilikuwa imeshaondolewa kabla hajagusa jeni yoyote. Kilichobaki ni kuwaongezea watoto wazima kinga ambayo binadamu wengi hawazaliwi nayo. Na hata hiyo hakuifanya sawasawa, pacha mmoja nakala moja tu ya jeni kati ya mbili ndo iliguswa, na mabadiliko aliyoyafanya siyo yale yanayojulikana kwa baadhi ya Wazungu wenye kinga ya kuzaliwa. Halafu CCR5 ina kazi nyingine mwilini, mtu asiyekuwa nayo akipata virusi vya West Nile anaumwa vibaya zaidi. Desemba 2019 mahakama ya Shenzhen ilimfunga miaka 3 na faini ya yuan milioni 3. Watoto wale wanaendelea kukua, na mabadiliko ya aina ile yanaweza kurithishwa kwa watoto wao na wajukuu, watu ambao hawajazaliwa bado na hakuna aliyewauliza.

Sasa mwangalie Victoria Gray. Huyu ni mama wa Kimarekani, mweusi, kutoka mji mdogo wa Forest kule Mississippi, alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, au siko seli kama wengi tunavyoita. Mwaka 2019 pale Nashville akawa mgonjwa wa kwanza wa selimundu Marekani kutibiwa kwa CRISPR. Walimtoa seli mama za damu, wakazikata mahali panapozima hemoglobini ya utotoni, ile protini ya kubeba oksijeni ambayo mtoto anakuwa nayo tangu tumboni, wakamchoma dawa kali za kansa kuua uboho wa zamani, wakamrudishia seli zake mwenyewe. Ile hemoglobini ya utotoni ikawaka tena. Mzazi yeyote mwenye mtoto wa selimundu anajua kwamba miezi ya mwanzo mtoto yuko vizuri tu, matatizo yanaanza akikaribia nusu mwaka, ni kwa sababu damu ile ya tumboni ndo inakuwa imeisha, basi tiba hii inairudisha. Maumivu yakakatika. Victoria anazungumza wazi kwamba ni mtu wa maombi na kwamba hili aliliombea, na Machi 2023 alisimama London mbele ya wanasayansi wa dunia akaeleza maisha yake yalivyokuwa kabla na baada. Novemba mwaka huo Uingereza ikaipitisha tiba hiyo, inaitwa Casgevy, na Desemba Marekani nayo ikapitisha.

Mkasi ni ule ule. Kwa hiyo Mkristo anayesema kugusa jeni ni kumchezea Mungu amemweka Victoria Gray na He Jiankui fungu moja, na mi naona huko ni kumuonea mama aliyelia kwa Mungu miaka akajibiwa kupitia mikono ya madaktari. Biblia haina shida na mikono ya madaktari. Yoshua bin Sira sura ya 38, kwa wenye Biblia yenye kitabu hicho, inasema tabibu tumpe heshima yake maana naye kaumbwa na Bwana, na kwamba dawa zimetoka ardhini kwa mkono wa Mungu na mwenye akili hazidharau. Mwanzo 2 mtu anawekwa bustanini "ailime na kuitunza", na kulima ni kubadilisha, shamba lililolimwa siyo lile la jana. Na kwenye Yohana 9 wanafunzi wanamuona kipofu wa kuzaliwa, wanataka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, Yesu anaikataa ile hesabu yao halafu anatema mate, anafanya tope, anampaka macho. Ugonjwa wa kuzaliwa nao ulikuwa mbele yake na hakusema uachwe kwa vile ndivyo alivyoumbwa.

Kanisa Katoliki kwenye hili lina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1983 Yohane Paulo II akiongea na Chama cha Madaktari Duniani alisema matibabu ya kurekebisha kasoro za kromosomu, yakilenga kweli kumponya mtu, kimsingi ni jambo la kutamaniwa. Hapo CRISPR ilikuwa bado miaka karibu 30 mbele. Mwaka 2008 Vatikani ikatoa maelekezo yanaitwa Dignitas Personae, na ndani yake kuna kutenganisha kwa wazi: kutibu seli za mwili wa mgonjwa mmoja, kimsingi sawa, kubadilisha jeni zinazorithiwa, kwa hali ilivyo sasa hapana kwa sababu hatari kwa mtoto ni kubwa na haijulikani, na kutumia jeni kuboresha watu wasioumwa, hapana, kwa sababu kunaleta fikra za kuchuja binadamu na kuwafanya wasiokuwa na sifa fulani waonekane pungufu. Kwa Waprotestanti alikuwepo Paul Ramsey, Mmethodisti wa Marekani, mwaka 1970 alishaonya kwamba watu wasijifanye Mungu kabla hawajajifunza kuwa watu, na wakishajifunza kuwa watu hawatataka tena kujifanya Mungu.

Mstari huu wa kutibu huku, kuboresha kule, naukubali lakini hautoshi, na wanaoupinga wana hoja ambayo lazima ijibiwe. Chanjo ni nini? Mtoto wa wiki 6 anayechomwa chanjo haumwi chochote, tunamuongezea kinga asiyokuwa nayo, hiyo nayo siyo kuboresha? Na tofauti yake na alichofanya He Jiankui iko wapi? Ukisema chanjo hairithiwi, sawa, hiyo ni tofauti kubwa, lakini haimalizi swali, maana kesho ataletwa mtu na kitu kisichorithiwa, dawa ya kumbukumbu, homoni ya urefu kwa mtoto ambaye ni mfupi tu kama babu yake, na mstari wako utaanza kuyumba. Ndo maana mi swali la kutibu au kuboresha naliweka la pili. La kwanza ni hili, mtu mzima aliyeshika teknolojia amesimama vipi mbele ya mtoto, anampokea au anamuagiza?

Mwanateolojia wa Kianglikana Oliver O'Donovan aliligusa hili mwanzoni mwa miaka ya 80, wakati watoto wa maabara ndo wanaanza kuzaliwa. Alilichukua kutoka Kanuni ya Imani tunayoisali kila Jumapili, "aliyezaliwa bila kuumbwa", na hoja yake ni kwamba kile unachokizaa kiko sawa na wewe, kina hadhi yako ile ile, wakati kile unachokitengeneza kiko chini yako, unakipangia kazi, unakikagua, kikikosewa unakirudisha. Mtoto akihama kutoka upande wa waliozaliwa kwenda upande wa vilivyotengenezwa, hata kama utampenda sana, umeshakuwa fundi wake. Chanjo haifanyi hivyo. Unapompeleka mwanao kliniki umeshampokea, ana jina, ana mashavu yake, unamlinda huyu huyu uliyepewa. Mzazi wa mtoto wa selimundu anayetafuta tiba naye ni hivyo hivyo, anampigania huyu, hatafuti mwingine wa kuchukua nafasi yake.

Kuagiza kumeshaanza, tusidhani ni hadithi ya miaka 50 ijayo. Kampuni ya Orchid ya Marekani inawauzia wazazi wanaopitia IVF, yaani kutunga mimba maabara, upimaji wa vinasaba karibu vyote vya kila kiinitete. Mwaka 2025 kampuni nyingine, Nucleus, ikatangaza huduma inayowapa wazazi makadirio ya urefu, rangi ya macho, hata akili, wavilinganishe viinitete kimoja kimoja wachague. Kisayansi makadirio ya akili ni dhaifu mno, jeni zinazohusika ni maelfu na kila moja mchango wake ni mdogo kabisa, halafu data nyingi zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya kwa hiyo kwa Mwafrika hesabu zinazidi kupotea. Lakini ubovu wa kipimo hauzuii watu kununua. Na vile viinitete ambavyo alama zake zimekuwa ndogo vinabaki kwenye friza au vinatupwa.

Sasa jiulize huku kwetu wakifungua duka kama hilo watu wataanza kuagiza nini. Mi jibu ninalo na linaniumiza. Wataanza na rangi. Tumeona mkorogo, tumeona dada zetu ngozi imeisha uso umekuwa na mabaka, vidole vimebaki vyeusi kwenye vifundo, serikali zinapiga marufuku krimu zenye hidrokwinoni na zebaki na bado sokoni zipo, zinauzwa kwa kificho chini ya meza. Mtu anayejiunguza ngozi mwenyewe kwa sababu jamii imemwambia weusi ni mapungufu, ukimpa uwezo wa kumpangia mwanae rangi utashangaa akiutumia? Na upande wa pili kuna ndugu zetu wenye ualbino. Kanda ya Ziwa watu wamekatwa viungo, watoto wameuawa, kwa ajili ya jeni tu za rangi ya ngozi. Ualbino ukiwekwa kwenye orodha ya vitu vya kuchuja, na utawekwa kwa jina la huruma kabisa, ujumbe utakaomfikia binti mwenye ualbino aliyekaa benchi la mbele kwenye kwaya ni upi? Kwamba ingewezekana mapema, yeye asingekuwepo. Hiki ndo Dignitas Personae inakisema kwa lugha ya Vatikani inapotaja unyanyapaa. Biashara ya kuboresha binadamu haileti viwango vyake kutoka mbinguni, inaokota dharau iliyopo mtaani na kuiandika kwenye damu.

Na tusijifanye Kanisa lilikuwa safi muda wote. Marekani miaka ya 1920 harakati za kuzalisha "watu bora" zilikuwa na wachungaji ndani yake, mwaka 1926 kulikuwa na shindano kabisa la mahubiri ya kuzisifia harakati hizo, wachungaji wakatuma mahubiri yao. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani ikaruhusu jimbo la Virginia kumfunga uzazi binti anaitwa Carrie Buck eti ana akili pungufu, na kabla mambo hayo hayajaisha zaidi ya watu 60,000 walikuwa wamefungwa uzazi kwa sheria za namna hiyo. Papa Pius XI alizipinga mwaka 1930, na ni sifa kwa Wakatoliki kwamba wengi wao walisimama kinyume wakati wasomi wengi wakubwa wanashangilia.

Na hili lilifika mpaka Nairobi. Mwaka 1933 walowezi na madaktari wa Kizungu walianzisha chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari, kinara wake H. L. Gordon, daktari aliyefanya kazi hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, na mwenzake Vint alikuwa anapima ubongo wa Waafrika waliokufa, anapima uzito, anaandika kwamba ni mdogo kuliko wa Mzungu. Wakaomba serikali ya Uingereza iwape pesa za kuendeleza utafiti, London ikakataa. Nataka kila Mkristo wa Afrika Mashariki akisikia neno "kuboresha binadamu" akumbuke kwamba si zamani sana babu yake aliwekwa mezani akiwa ndo mfano wa kisichokuwa bora, kwa mizani, na watu wenye digrii. Wale walikuwa na uhakika kabisa na sayansi yao.

Wapo Wakristo wanaoona tofauti na mimi na siyo wajinga. Philip Hefner, Mlutheri wa Chicago, alifundisha kwamba binadamu ni muumbaji mwenza aliyeumbwa, Mungu hakumaliza kazi akatuachia tuitazame, ametuita tushiriki. Ted Peters, naye Mlutheri, ameandika sana kuonyesha kwamba kelele za "kumchezea Mungu" mara nyingi zinatoka kwenye kuabudu maumbile kana kwamba DNA ni takatifu, na hapo nakubaliana naye kabisa, DNA siyo altare. Marekani kuna hata chama cha Wakristo wanaoamini teknolojia ya kuvuka mipaka ya ubinadamu ni sehemu ya kazi ya ukombozi. Hawa wa mwisho ndo tunaachana. Wanachukua ahadi ya uzima wa milele wanaifanya maisha marefu, wanachukua mwili wa utukufu wanaufanya mwili usiochoka. Lakini Injili ya Yohana inasema Kristo aliyefufuka, mwili ambao kifo hakina tena neno juu yake, alimwambia Tomaso alete kidole chake aone mikono, alete mkono autie ubavuni. Makovu yalikuwepo. Mwili mkamilifu kuliko wote kwenye imani yetu una matundu ya misumari, na Kanisa halijawahi kuona hiyo kama kasoro iliyosahaulika kurekebishwa. Na Paulo alipoomba mwiba wake uondolewe aliambiwa "neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu". Andiko hili limetumika vibaya sana kuwanyamazisha wagonjwa, wachungaji wengine wanalitoa mahali ambapo wangetoa nauli ya hospitali, mi silileti kwa matumizi hayo. Nalileta kwa yule anayefikiri udhaifu wenyewe ndo adui wa kufutwa duniani.

Kuhusu mtu mzima anayejiboresha mwenyewe nitapita haraka. Mfano tunao karibu, EPO kwa wanariadha wa Kenya. Ile ni bioteknolojia halisi, ilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa figo ambao damu yao inapungua, ikimwingia mgonjwa inamuinua kitandani, ikimwingia mkimbiaji mzima inamuongezea seli nyekundu apige maili za mwisho bila kuchoka. Rita Jeptoo, bingwa wa Boston na Chicago, alipatikana nayo mwaka 2014, na baada yake Kenya imefungiwa wakimbiaji wengi mno. Hapa dhambi naiona rahisi, ni wizi, umemwibia aliyeamka saa 11 alfajiri pale Iten akapanda mlima kwa mapafu yake. Ila hata kama hakuna mbio, mtu mzima akiamua kuhusu mwili wake amejiamulia yeye. Mtoto hajiamulii, ndo maana uzito wangu wote umekaa kwa mtoto.

Turudi kwenye selimundu maana huko ndo swali gumu kuliko yote lilipo. Tuseme siku moja mkasi unakuwa salama kabisa, hauna makosa, na wazazi wawili wenye kubeba selimundu wanaweza kurekebisha jeni ile kwenye kiinitete, isirithiwe tena na kizazi chao. Huyo siyo He Jiankui, huo ugonjwa ni wa kweli. Tukatae? Vatikani iliweka maneno "kwa hali ilivyo sasa", ikaongeza pingamizi lake la siku zote kwamba njia yenyewe inapitia IVF, kwa hiyo kwa Mkatoliki mlango ni mwembamba mno. Mi bado nasita, na kinachonisitisha kilianzia hapa hapa Afrika Mashariki. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, mwaka 1949 alizunguka kupima damu za watu akakuta kubeba selimundu ni kwingi Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, kuchache kwenye nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba anayebeba nakala moja ya jeni ile ana kinga dhidi ya malaria. Jeni moja, ikiwa moja inakulinda, zikiwa mbili zinakuua taratibu. Mtu akikaa maabara Boston akaamua jeni hii ifutwe kwa wote, amefuta na kinga ya mtoto wa Sengerema kwenye eneo ambalo malaria bado ipo. Mgonjwa atibiwe, tena atibiwe leo, lakini kufuta kwa niaba ya vizazi vyote kunahitaji mtu anayejua mambo ambayo hakuna mtu anayajua.

Na sasa nifike kwenye linalonikera kuliko teknolojia yenyewe. Casgevy bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa shilingi za Tanzania ni zaidi ya bilioni 5. Tanzania peke yake inakadiriwa wanazaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye selimundu, ni kati ya nchi zinazoongoza duniani. Kanda ya Ziwa kuna sehemu karibu mtu mmoja kati ya watano amebeba jeni hiyo. Nenda kliniki ya selimundu siku ya kliniki ukae kwenye benchi la korido. Utaona watoto macho ya njano, kuna mdogo vidole vimevimba mikono yote miwili anaogopa hata kushika biskuti, mama ameshika bahasha ya kaki ina kadi za kuongezewa damu zimechakaa kwenye mikunjo, wengine wameambiwa bandama limejaa. Daktari anaandika foliki asidi na, kwa aliyebahatika, hydroxyurea. Hydroxyurea ni kidonge cha zamani na inafanya kazi kwa njia inayofanana na ile ya Casgevy, inaamsha hemoglobini ya utotoni, siyo kwa nguvu ile lakini inapunguza maumivu, inapunguza kulazwa, na utafiti uliofanyika Afrika umeonyesha inapunguza vifo. Na bado kuna wazazi wanaikosa, duka la dawa la hospitali limeisha, nje inauzwa bei ambayo muuza mchicha hawezi kila mwezi.

Kwa hiyo wakati wengine wanajadili kuongeza akili za watoto wazima California, huku kuna mtoto anakosa kidonge. Uchaguzi wa nini kitafitiwe, nani awekeze, nani alipwe, umeshafanywa na pesa, na mi naamini Kanisa likikaa kimya hapo litakuwa limekosea kuliko kosa lolote la maabara. Tuna sauti, tuna na majengo. Bugando pale Mwanza ni hospitali ya maaskofu, KCMC Moshi ina mizizi ya Kilutheri, hospitali za misheni zimejaa vijijini. Muhimbili na hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma wameshaanza kupandikiza uboho, yaani tiba ya kweli ya selimundu inafanyika kwenye ardhi yetu, kwa mtoto mwenye ndugu anayefanana naye. Makanisa yangeweza kusimama nyuma ya hilo kwa nguvu zile zile yanazotumia kulaani uundaji wa watoto.

Kuna jambo moja naomba tusiliige. Nigeria makanisa mengi yanadai cheti cha jenotaipu kabla ya ndoa, wote wawili wakiwa wanabeba selimundu mchungaji anakataa kuwafungisha. Nia naielewa, wamezika watoto wengi. Lakini padri au mchungaji anayesimama mlangoni kuchuja nani azae na nani ameshavaa koti la yule Gordon wa Mathari bila kujua. Kupima kuwepo, kwenye semina za ndoa, mapema kabisa wachumba wakiwa hawajatangaza, na mtu anayejua aje awaeleze kwamba wakibeba wote kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa, na dalili ni hizi, na kliniki iko pale. Halafu waamue wenyewe, na wakiamua kuoana na mtoto akazaliwa na selimundu, jumuiya ile ile iliyowapima iwe ya kwanza kufika hospitali kuchangia damu.

Siku ya Selimundu Duniani ni Juni 19. Kila mwaka kuna Jumapili karibu na tarehe hiyo, na kila parokia na usharika una sadaka ya pili ambayo inaombwa kwa mambo mengi, rangi ya ukumbi, spika mpya, safari ya kwaya. Hiyo moja inunue hydroxyurea kwa watoto wa eneo la parokia, majina ya watoto wenye kadi za kliniki yakusanywe na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo kuanzia Mei, na aliyeko madhabahuni siku hiyo awaambie watu dawa ile inafanya nini kwenye damu.